Asidi ilipokula mchanga

Wenye nyumba za Mji Mkongwe, Zanzibar, huniuliza swali moja kabla hata sijafungua mkoba: chokaa kiasi gani, mchanga kiasi gani? Jibu lake liliwahi kuniaibisha.

Miaka ya mwanzo ya kazi hii ya kuchunguza kuta za kale nilibandua vipande vya mota, yaani mchanganyiko wa chokaa na mchanga unaoshikanisha mawe, kwenye ukuta wa nyumba moja nikavipeleka maabara ya Ulaya. Walitumia njia ya kawaida ya kule: kipande kinapondwa, kinatiwa ndani ya asidi ya haidrokloriki, chokaa inatoka povu na kuyeyuka, kinachobaki chini ndicho mchanga. Unaukausha, unaupima, unauchekecha. Ripoti ikarudi ikisema ukuta karibu wote ni chokaa, mchanga kidogo mno. Nikamsomea fundi mzee tuliyekuwa tukifanya naye kazi. Akacheka. Akachukua kipande kingine, akakivunja kwa dole gumba, akanionyesha kigamba cha kombe kidogo kama punje ya mchele.

"Mwanangu, na hiki nacho chokaa?"

Mchanga wa fukwe zetu nyingi ni matumbawe na makombe yaliyosagwa na mawimbi, yaani kabonati ya kalsiamu, kitu kilekile ambacho chokaa hugeuka ikishakauka ukutani. Asidi haichagui, inakula vyote. Penye mchanga wa kwatzi, madini magumu ambayo asidi hiyo haiyayeyushi, njia hiyo inafaa sana. Huku kwetu inadanganya, tena kwa tarakimu nzuri zenye desimali.

Siku hizi naanza na hadubini. Kipande kinamiminiwa gundi, kinakatwa, kinasuguliwa mpaka unene wa maikroni 30 hivi, mwanga upite. Hapo ukuta unafunguka: vijumba vya tumbawe, mizunguko ya vikonokono, udongo mwekundu ambao mafundi wa mji huu waliuchanganya sana na chokaa, vibonge vyeupe ambavyo havikukorogwa vizuri. Na mkaa. Huo naupenda kuliko vyote, kwa kuwa umetoka tanuuni, pale matumbawe yalipopangwa juu ya magogo, yakachomwa, kisha yakaachwa yapigwe na umande na mvua mpaka yakawa unga. Chembe hizo zinaweza kupimwa umri kwa kaboni, ila gogo la mti uliozeeka litakupa miaka mingi kuliko ya nyumba.

Baada ya hadubini huja eksirei, ya kutambua madini yaliyomo. Tumbawe hujenga mifupa yake kwa madini ya aragonaiti. Likichomwa kwa joto la nyuzi 900 hivi, likazimwa kwa maji, halafu likanyonya hewa ukaa ukutani, linarudi kuwa jiwe, lakini sasa la kalsaiti, madini mengine ya kabonati ileile ya kalsiamu. Kwa hiyo aragonaiti nikiiona ndani ya mota, najua hiyo haikupita motoni: ni mchanga. Kinyume chake si hakika: nikiona kalsaiti, si lazima iwe imepita motoni. Jiwe la matumbawe ya kale linalochimbwa nchi kavu limekwisha kugeuka kalsaiti lenyewe kwa sehemu kubwa, na vumbi lake huingia kwenye mota. Mafundi wa Kilwa walizitofautisha hizo mbili bila mtambo: kuta kwa jiwe la nchi kavu, mihrabu na miimo ya milango kwa tumbawe la baharini, lililochongwa likingali bichi na laini.

Kupima chumvi ni kazi ya dakika chache. Loweka unga wa mota kwenye maji safi yasiyo na madini, chuja, dondoshea nitrati ya fedha. Maji yakigeuka maziwa, kloraidi, alama ya chumvi, ipo. Karibu kila mara yanageuka. Chumvi ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75, ukipungua inaota fuwele tena, na kila ikiota inasukuma. Lipu ya chokaa hupumua, ikamomonyoka polepole, ukaibadilisha. Ya saruji huziba: unyevu unabaki nyuma, jiwe laini linaliwa ndani, nje ukuta unang'aa. Nimewahi kugonga lipu ya namna hiyo kwa kiungo cha kidole, ikaitika kama debe tupu, na ilipobanduliwa ilishuka bamba zima na uso wa jiwe umeng'ang'ania nyuma yake.

Nyumba ile ya mwanzo tuliichanganyia upya mota ya chokaa: mchanga wenye makombe, umeoshwa kwa maji baridi, na udongo mwekundu uliochekechwa. Tukapaka viraka vitatu vya majaribio uani, upande unaopigwa na mvua. Mzee alikiteua cha kati kwa kukigusa tu. Mimi nilisubiri masika yaishe ndipo nikakubali.