Tyubu ya kontroli ilipogeuka bluu

Kila mwaka napokea wanafunzi wa uzamili wanaoweza kukuchorea mzunguko wa Krebs, ile njia ya seli kupata nishati, huku wamefumba macho. Wape makala ya utafiti ya kurasa nne, wanairudisha imepakwa kalamu ya njano kuanzia ikisiri hadi hitimisho. Sehemu ya mbinu tu ndiyo iko nyeupe pe, kama ilivyotoka kwenye printa. Siwalaumu. Tangu darasa la kwanza wamezoeshwa kwamba kilichochapwa ni cha kukariri, si cha kugombana nacho.

Kwa hiyo kikao cha kwanza nawagawia makala niliyoikata kwa mkasi: haina kichwa, ikisiri wala majadiliano. Imebaki mbinu na vielelezo. Ninayoipenda kuliko zote ilitoka katika jarida la Science, Desemba 2010. Felisa Wolfe-Simon na wenzake walimkuza bakteria GFAJ-1, aliyetoka Ziwa Mono huko California, wakatangaza kwamba anaweza kutumia aseniki, ile sumu, badala ya fosforasi ambayo viumbe huihitaji, hata ndani ya DNA yake. Dunia nzima iliandika habari hiyo.

Wanafunzi huanza na maneno makubwa: "sampuli ni ndogo", "takwimu hazitoshi". Nawakatiza. Nioneshe mstari. Wakisoma polepole wanafika pale: mchuzi wa kukuzia bakteria ulioitwa "bila fosfeti" ulikuwa na fosfeti (fosforasi katika umbo ambalo seli hulitumia), takriban mikromola 3 kwa lita, uchafu uliotoka kwenye viambato vingine. Waandishi hawakuficha. Waliona tu kwamba ni kidogo mno.

Ni kidogo kweli? Hapo nawapa kikokotoo. Mikromola 3 kwa lita ni atomi 1.8 × 10¹⁵ za fosforasi katika kila mililita. Jenomu, yaani DNA yote ya bakteria mmoja, ikiwa na jozi milioni 4 za besi inahitaji atomi milioni 8, moja kwa kila besi. Gawanya: zinatosha jenomu zaidi ya milioni 200 kwa mililita moja. RNA, molekuli dada ya DNA, nayo inakula sehemu yake, tena kubwa, lakini "kidogo mno" imeshaanza kuyumba. Kisha namtafuta aliyesoma kemia vizuri anijibu: aseniki ikishika nafasi ya fosforasi kwenye mnyororo wa DNA, kifungo chake kikikaa ndani ya maji kinadumu? Hakidumu, kinavunjika upesi. Sasa mbona DNA ile ilipita ikiwa nzima kwenye jeli ya kutenganishia DNA, ambayo nayo imejaa maji?

Mwaka 2012 kundi la Rosemary Redfield wa Kanada liliisafisha DNA hiyo ipasavyo na halikukuta aseniki iliyoungana nayo. Kundi jingine likaonesha kwamba bakteria huyo anastahimili aseniki lakini bila fosfeti hakui. Science iliiondoa makala ile Julai 2025, na waandishi wake wakapinga. Wala hawakutuhumiwa kughushi. Jambo hilo nalirudia mara mbili darasani, maana vijana wakisikia "imeondolewa" wanadhani lazima kuna mwizi.

Mwaka mmoja binti mmoja alicheka sana. "Dokta, hawa walishindwaje kuona?" Nikanyamaza.

Wiki mbili baadaye alikuwa anapima fosfeti kwenye sampuli zake. Kipimo ni cha kizamani na kizuri: unatia molibdeti na vitamini C, na bluu inavyokolea ndivyo fosfeti ilivyo nyingi. Alinijia ameshika tyubu ya kontroli, ile ya maji matupu. Bluu kama anga la saa nne asubuhi. Alikuwa amebadilisha molibdeti, amebadilisha maji, ameazima pipeti ya jirani. Siku tatu. Nikamuuliza vyombo ameoshea nini. Akaangalia sinki, kwenye lile dumu la sabuni, na uso ukamshuka.

Baadhi ya sabuni za kuoshea vyombo vya maabara zina fosfeti, nayo inang'ang'ania kioo. Tulivitoa vyombo vyote, tukaviloweka usiku kucha kwenye asidi ya haidrokloriki, tukavisuuza mara tano kwa maji yaliyokenekwa. Kesho yake kontroli ilikuwa maji tu, huna la kusema juu yake. Matokeo yake ya mwezi uliotangulia, yote, aliyafuta mwenyewe kwenye kompyuta bila kuambiwa. Kwangu hapo ndipo alipoanza kuwa mtafiti, ingawa mahudhurio yake ya semina hayakuwa ya kujivunia.

Tasnifu yake ina aya nzima kuhusu namna vyombo vilivyooshwa. Mtahini wa nje aliandika pembeni kwa penseli, "Je, hii ni lazima?" Binti akaja kuniuliza aiondoe au vipi. Nikamwambia aiache ilivyo.