Asiyejua Haki Yake ya Matibabu Ndiye Anayekugharimu Zaidi

Wiki iliyopita, katika ofisi moja kando ya barabara ya Likasi, mkurugenzi wa kampuni ya ukandarasi aliniinamia kama mtu anayetoa siri ya biashara, akaniambia: "Mama, ukiwaeleza sana haki zao, watatibiwa sana." Ni mara ya nne mwaka huu kuisikia sentensi hiyo hapa Lubumbashi, na waliotangulia kuisema walikuwa wenye malori, mwenye ghala, na mchungaji mmoja mwenye shule. Nilinyamaza kwa sababu mkataba wangu wa kuwaeleza wafanyakazi wake haki zao za matibabu ulikuwa bado haujatiwa saini. Sasa umetiwa.

Anayesema hivyo anaamini kwamba kila bono (karatasi ya kampuni ya kumpeleka mtu hospitali) ambayo haikuandikwa ni pesa iliyobaki ndani ya kasha. Sheria ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002 haimpi nafasi ya kuota hivyo. Mwajiri ndiye anayebeba matibabu ya mfanyakazi na ya familia yake: daktari, upasuaji, meno, dawa, kulazwa, na hata usafiri wa mgonjwa asiyeweza kujipeleka mwenyewe. Mtu akilala kitandani, mwajiri anaendelea kumlipa theluthi mbili za mshahara, na hawezi kuuvunja mkataba kwa sababu ya ugonjwa huo kabla ya miezi 6 mfululizo kupita. Ugonjwa hausubiri mtu asome kitabu cha kanuni za kampuni. Utakuja, na swali lililobaki ni utamfikia mwajiri ukiwa na bei gani.

Nilikuwa muuguzi kwa miaka kumi na mmoja kabla ya kuhamia kwenye makaratasi, kwa hiyo mfano wangu wa kwanza daima ni shinikizo la damu. Dereva mwenye shinikizo la juu haumwi popote. Haombi bono, kwa kuwa anaamini bono ni ya mtu aliyeanguka. Vidonge ambavyo vingemtosha ni vya bei ndogo na vinapatikana katika kila duka la dawa kuanzia wilaya ya Kenya hadi ya Ruashi, humu humu mjini. Siku anapopata kiharusi, hesabu inageuka. Tuseme anapokea dola 300 kwa mwezi. Theluthi mbili ni dola 200, na kwa miezi 6 ni dola 1,200 zinazolipwa kwa mtu ambaye hayuko kwenye usukani, kabla hujagusa ankara ya hospitali, na kabla hujamlipa dereva wa kuziba nafasi yake, ambaye bado hajui lori hilo linavyosumbua gia ya tatu.

Kuhusu lugha nitasema kidogo, ingawa ningeweza kulia. Vitabu vya kanuni vimeandikwa kwa Kifaransa cha mwanasheria, mfanyakazi anatia saini kwamba amekipokea, na kitabu kinaishia ndani ya sanduku pamoja na cheti cha ndoa. Katika kampuni moja kiliandikwa kwamba matunzo "ambulatoires" yanalipwa kwa ukamilifu. Maana yake ni matibabu ya mgonjwa anayekuja na kurudi nyumbani bila kulazwa. Wachomeleaji wa karakana walielewa kwamba yanalipwa matibabu ya yule aliyeletwa na ambulansi. Mmoja wao alivumilia jino kwa wiki mbili, kisha akapiga simu kuomba gari la wagonjwa. Kapita, msimamizi wao, alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka pia, mpaka nilipoona ankara ya jipu la taya.

Kosa linalonichosha kuliko yote, hata hivyo, ni lile la CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, na hapa nitakaa. Mfanyakazi anaiona kwenye karatasi yake ya mshahara: kila mwezi anakatwa asilimia 5. Anajiambia, kwa mantiki ambayo hata mimi siwezi kuilaumu, kwamba pesa hiyo ni ya hospitali. Basi mtoto akipata homa, hapiti kwa kapita kuomba bono, kwa nini aombe kitu alichokwisha kulipia? Anakwenda kliniki iliyo karibu na nyumbani, analipa bei ya mgeni, tena mara nyingi kwa pesa ya mkopo yenye riba, halafu anakuja ofisini na ankara akisema CNSS irudishe. CNSS hailipi homa ya mtoto. Ile asilimia 5, pamoja na 5 nyingine ya mwajiri, ni ya pensheni. Mwajiri anaongeza 6.5 kwa tawi la familia, ambamo ndimo yalimo mafao ya ujauzito na uzazi, na 1.5 kwa ajali na magonjwa ya kazini. Jumla ni asilimia 18, na ndani yake hamna hata senti ya malaria ya kawaida. Sheria ya 2016 iliyofungua njia ya CNSS kuchukua mahali pa INSS, mfuko wa zamani, haikubadilisha jambo hilo.

Kinachoniudhi si mfanyakazi. Kinachoniudhi ni kwamba wahasibu wenyewe, wanaoiandika tarakimu hiyo kila mwisho wa mwezi, humjibu: "Nenda kaulize CNSS." Mtu anapoteza siku nzima ya kazi, anarudi bila kitu, anawaambia wenzake kwamba kampuni inakula pesa yao ya hospitali, na wiki inayofuata wajumbe wa sendika, chama cha wafanyakazi, wako mlangoni. Mwishowe kampuni inalipa ankara ile ya kliniki, ambayo ni ghali kuliko ya hospitali iliyo na mkataba nayo, ili tu kelele ziishe. Hapo ndipo ule "uokoaji" wa mkurugenzi wangu ulipokwenda.

Upande wa pili wa kosa hilo hilo ni mbaya zaidi, maana pale ambapo CNSS inapaswa kulipa, hakuna anayeiambia. Ajali ya kazini ikitangazwa kwa CNSS, tawi la hatari za kazi linabeba matibabu na posho za siku za majeruhi. Ajali ya njiani, kati ya nyumbani na kazini, nayo imo, jambo ambalo karibu kila ninayemweleza hulishangaa. Lakini nenda kwenye geti la kampuni utakuta ubao: siku 214 bila ajali. Fundi anapondwa kidole na bomba, na kapita, ambaye marupurupu yake yanategemea ubao ule, anamnong'oneza aseme ameumia nyumbani akipasua kuni. Fundi hajui kwamba kwa maneno hayo anaitupa haki yake, hasa kama kidole hakitarudi kufanya kazi kama zamani. Mwajiri naye hajui kwamba amechukua gharama isiyo yake na kuiingiza kwenye bajeti yake ya magonjwa ya kawaida. Kisha mwisho wa mwaka ananiita kuniuliza kwa nini wafanyakazi wake wanaugua sana.

Fishi ya familia, karatasi inayoorodhesha wale ambao kampuni inawatibia, nitaipitia haraka. Mtoto aliyezaliwa Machi na kuandikwa Septemba ni mtoto asiyekuwepo kwa miezi sita mbele ya dirisha la hospitali. Baba anadhani kumwambia kapita kunatosha. Mama anarudishwa, ananunua dawa nusu dozi sokoni, na mtoto anarudi akiwa na malaria kali, hana damu, anahitaji kuongezewa. Malaria ya kawaida ni vidonge vya siku 3. Sihitaji kuendelea.

Kuhusu nani hasa ni familia, nakiri kwamba sina jibu safi. Sheria inataja mwenzi wa ndoa, watoto, walio chini ya ulezi, na wale wote ambao mfanyakazi anawajibika kisheria kuwatunza. Kupitia maneno hayo ya mwisho nimemwona mama mkwe akiingia na miguu yake miwili inayouma. Nimekwisha kutetea upande wa kampuni katika shauri la namna hiyo, na miaka miwili baadaye nikatetea upande wa mama mkwe, na mara zote mbili niliamini ninachosema. Ninachowashauri wakurugenzi ni kuandika msimamo wao mapema, kwa Kiswahili, kabla hajafika mgonjwa mwenyewe.

Wengine husema watu wa hapa wamezoeshwa vibaya na Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, iliyokuwa baba na mama: hospitali yake, shule yake, unga wake. Mimi nimezaliwa katika nyumba ya namna hiyo. Baba yangu hakuhitaji kuelewa chochote, kwa sababu kila mtu kambini alijua dirisha lilipo. Baada ya 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 walipoondolewa kwa mpango ule ulioitwa wa hiari, watoto wao waliingia kwenye makampuni madogo ya ukandarasi, ambako dirisha linahama kila mkataba unapobadilika, na tangu soko la bima lifunguliwe kwa sheria ya 2015, pengine dirisha hilo ni kadi ya bima yenye kikomo ambacho hakuna aliyekisoma kwa sauti.

Naomba sasa niseme jambo ambalo halinisaidii kupata kazi. Mkurugenzi yule hana makosa kabisa kwa miezi ya mwanzo. Nikimaliza kueleza, bono hupanda. Wanakuja wenye meno ya miaka, macho ya miaka, wake waliokuwa hawajapimwa ujauzito. Katika makampuni niliyoyafuatilia kwa muda mrefu, kulazwa kulipungua baadaye, lakini siwezi kuapa kwamba ni kwa sababu ya maelezo yangu, maana katika mojawapo walibadilisha hospitali mwaka huo huo, na katika nyingine walianza kugawa vyandarua. Namwambia kila mteja atenge pesa ya robo mwaka ya kwanza, na wawili wamenifukuza kwa ushauri huo.

Huyu wa barabara ya Likasi hakunifukuza. Alinipa dakika 20 Jumanne, saa kumi na moja na nusu alfajiri, wakati zamu zinapobadilishana, kwenye baridi ile ya Juni inayofanya watu wasimame wameshika makwapa. Nilieleza bono, fishi, na mistari ya karatasi ya mshahara. Nilipofika kwenye ajali, kijana mmoja wa nyuma, aliyekuwa ameegemea ukuta ili asiukanyage mguu wa kushoto, aliuliza: "Mama, nikisema ukweli kuhusu mguu huu, ubao utarudi sifuri?" Kapita alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake. Nilimjibu kwamba ndiyo, utarudi, nikamwomba abaki nyuma tujaze tamko.