Stelingi inagonga? Sio lazima iwe alaimenti

Yaani lori likianza tu kugonga kwenye stelingi, kila mtu atakwambia peleka alaimenti, yaani wapime na kupanga tairi zikae sawa. Imesemwa miaka na miaka, ila alaimenti ikiharibika gari huvuta upande mmoja au inakula tairi vibaya, yenyewe haileti kule kugonga unakokusikia mkononi.

Kitu cha kwanza angalia kugonga kunatokea wakati gani. Kama kugonga kunaenda na spidi, yaani ukipunguza nako kunapungua, hapo ni tairi au rimu, maana tairi la lori lina mzunguko wa kama mita 3 hivi, kwa hiyo kwenye 60 kwa saa linazunguka karibu mara 5 kila sekunde na nundu moja tu utaisikia tuu-tuu-tuu bila kukosa. Piga jeki, zungusha taratibu huku umeshika kitu karibu na uso wa tairi, utaona linapopanda. Ukikuta limevimba ujue nyaya za ndani zimeachia, hilo toa leo leo usisubiri lipasuke.

Likigonga ukifunga breki tu, kaangalie drum au diski za breki.

Gari limesimama na bado ukikata kona stelingi inashtuka? Hapo tairi halihusiki kabisa, cheki jointi ya shafti ya stelingi, mwambie mtu azungushe kushoto kulia we uko chini umeshika tairodi (kile chuma kinachounganisha tairi za mbele zigeuke pamoja), penye mchezo, yaani palipolegea, mkono utakwambia. Kingpini (zile pini ambazo tairi la mbele linageukia) nazo usizisahau, hasa kama hazipigwi grisi.

Alaimenti fanya baada ya hayo yote, la sivyo unapima vitu vilivyolegea.