Tufaha la Mapema Si Bovu, Umechelewa Wewe

Kila msimu simu huanza matunda yakishaanza kudondoka. "Ule mche ulioniuzia una kasoro, matufaha yake ni unga mtupu." Namuuliza mteja aliyachuma yakiwa na rangi gani. Ananijibu kwa fahari kabisa: ya njano, alivumilia mpaka yakaiva vizuri. Basi kasoro tumeshaipata, na haimo kwenye mti.

Mti tunaouzungumzia ni Yellow Transparent, aina ya kale iliyotokea nchi za Baltiki na Urusi. Marekani iliupokea mwaka 1870 kutoka St. Petersburg, na Wajerumani huuita Klarapfel. Matunda yake huiva katikati ya kiangazi, wakati matufaha mengine bado ni magumu kama mawe. Nadhani jina ndilo linalowaponza watu: limetaja njano, nao wanakaa wakiisubiri hiyo njano.

Usiisubiri. Tunda hili huchumwa likiwa bado na ukijani, pale kijani kinapoanza kupauka kuelekea weupe wa maziwa. Likishakuwa njano kote, wakati wake umepita. Kutoka kupauka hadi kuwa ungaunga ni siku chache tu, na jua likiwa kali hata hizo hupungua. Tena matunda ya mti mmoja hayaivi kwa pamoja, kwa hiyo anayesema "nitachuma Jumamosi" ameshapoteza nusu ya mavuno. Pita kwenye mti kila baada ya siku mbili. Lipakate tunda kwenye kiganja, liinue huku ukilizungusha kidogo. Lililo tayari litaachia pamoja na kikonyo chake. Ukilibana kwa vidole, kesho utaziona alama za vidole vyako zimegeuka kahawia kwenye ganda, maana ganda lenyewe ni jembamba mno.

Wengine hulipasua tunda wakatazama mbegu, kwa kuwa walifundishwa kwamba mbegu ya kahawia ndiyo dalili ya kuiva. Kwa matufaha ya mwisho wa msimu, sawa. Haya ya mapema huwa tayari mbegu zikiwa bado nyeupe, au zimeanza tu kupata rangi. Ukizisubiri mbegu, utakula unga.

Na huo unga wenyewe ndio unaonichosha kuliko yote. Watu wanaamini ni wanga, kwamba tunda halikupata muda wa kuugeuza kuwa sukari, na dawa yake ni kuliacha mtini wiki nyingine. Ni kinyume kabisa! Chukua matufaha mawili, moja bichi na moja lililokwisha kuwa ungaunga, yakate katikati kisha yapake iodini. Lile bichi litageuka bluu nyeusi karibu lote, kwa sababu limejaa wanga. Lile la unga litabaki na rangi ya iodini tu, kwani wanga wake uliisha zamani.

Sasa unga unaousikia mdomoni ni nini? Ni seli nzimanzima za tunda. Kwenye tufaha lililochumwa kwa wakati, seli zimegandamana kwa pektini, gundi ya asili ya tunda. Ukiuma, meno huzipasua na maji yake hukumiminikia ulimini. Tunda likipitiliza, gundi hiyo huyeyuka. Ukiuma, seli huachana bila kupasuka, maji yakabaki ndani yake, na ulimi ukakutana na chembechembe kavu. Yaani tunda lina maji vilevile, ila hayakufikii. Matufaha ya mapema hukimbilia hali hiyo upesi kwa sababu hutoa gesi ya ethilini kwa wingi yanapoiva, na ethilini ndiyo inayoharakisha kulainika kote huko.

Ajabu ni kwamba huku kuachana kwa seli ndiko kunakolifanya tufaha hili kuwa hodari sufuriani. Likate vipande vinne na ganda lake, weka maji kidogo ya kulinda chini pasiungue, funika. Kabla hujamaliza kuosha kisu limeshayeyuka kuwa rojo. Lichuje, onja kwanza kabla ya kufikiria sukari, kisha ligandishe. Kwa pai chuma yenye ukijani zaidi, na hata hivyo usitarajie vipande vibaki vipande. Anayetaka vipande apike tufaha jingine.

Kuna wanaoniuliza kama yatafika msimu wa baridi yakiwa kwenye friji. Hayafiki. Friji itakuongezea siku, haitakuongezea miezi. Kuna mtoto wa mti huu aitwaye Lodi, aliyetolewa mwaka 1924 katika kituo cha utafiti cha Geneva, jimbo la New York, kwa kumchanganya na tufaha la Montgomery. Matunda yake ni makubwa zaidi na hustahimili kidogo zaidi, lakini naye si wa kuweka ghalani.

"Mti umechoka, mwaka huu haujazaa." Haujachoka. Mwaka jana uliuacha uzae kupita kiasi, nawe ukapiga picha ukafurahi. Vichipukizi vya maua ya mwaka kesho hutungwa kiangazi cha mwaka huu, wakati matunda yangali machanga, na mbegu za matunda hayo hutoa homoni inayozuia maua mapya kutungwa. Matunda mengi leo, maua haba kesho. Hivyo punguza mapema, wiki chache baada ya petali kuanguka: bakiza tunda moja kwa kila kishada, na nafasi ya kiganja kati ya tunda na tunda. Wateja huyaona yale matunda mabichi chini wakanitazama kama muuaji. Ukiyapunguza baada ya miezi miwili, yaliyobaki yatanenepa kidogo, lakini kwa maua ya mwaka kesho umeshachelewa.

Eti aina za kale haziugui. Hii nayo huuawa na ule ugonjwa wa bakteria unaokausha matawi mpaka ncha zikajikunja na kuwa nyeusi kama zilizopitiwa na moto. Kata sentimita 30 chini ya palipoathirika, mwagia kisu spiriti kila unapokata, na acha kuulisha mti naitrojeni kana kwamba ni mahindi. Machipukizi laini ndiyo mlango wa bakteria hao.

Kuiva mapema pia hakumaanishi kwamba mti hauhitaji baridi. Ni mti wa kaskazini. Usipopata majira ya baridi ya kutosha, vichipukizi vitafunguka ovyo au vitalala tu. Umapema wake uko baada ya maua: miezi mitatu au pungufu tunda limekomaa, ilhali tufaha la Granny Smith huchukua karibu sita.

Na wewe uliyehifadhi mbegu kwenye karatasi ili upande "ileile": haitakuwa ileile. Kila mbegu ya tufaha ni mti mpya, wenye baba usiyemjua. Niletee kijiti cha mwaka mmoja, mti ukiwa bado umelala, nikubebeshee, yaani nikiunganishe kwenye shina la mche mwingine.