Je, wajua kwa nini Linux huitambua kadi ya Wi-Fi ambayo Windows imeshindwa kuiona?

Mafundi wa kompyuta pale Mwanga, mjini Kigoma, wanalijua vizuri lalamiko hili: kompyuta mpakato ya mtumba imewekewa Windows upya, na tangu hapo sauti haitoki, Wi-Fi haionekani, na maandishi kwenye kioo yamekuwa makubwa kupita kiasi. Kinachokosekana ni draiva, yaani programu ndogo inayoujulisha mfumo endeshi namna ya kukiamuru kifaa fulani. La kushangaza ni kwamba mashine hiyo hiyo ikiwashwa kwa flashi yenye Ubuntu, Linux Mint au Debian, ambayo ni mifumo endeshi huria na ya bure iliyojengwa juu ya Linux, mara nyingi vifaa vyote hufanya kazi bila mtu kutafuta draiva hata moja.

Sababu yake ni mahali draiva zinapotunzwa na nani mwenye mamlaka juu yake. Kwa upande wa Windows, draiva nyingi huandikwa na kampuni iliyotengeneza kifaa, na kampuni hiyo ndiyo inayoamua itaendelea kuzirekebisha hadi lini. Ikishaona kwamba kifaa kimepitwa na wakati, huacha kuandika draiva za matoleo mapya ya Windows, na kwa kuwa msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, ni siri, hakuna mwingine awezaye kuichukua kazi hiyo. Ndivyo ilivyotokea mwaka 2007 Windows Vista ilipoingia sokoni, ambapo printa na skana nyingi zilizokuwa zikifanya kazi vizuri kwenye Windows XP zilibaki hazina draiva. Ni haki kusema kwamba Windows za siku hizi hujitafutia draiva nyingi zenyewe mtandaoni. Lakini kadi ya Wi-Fi isiyo na draiva haiwezi kuingia mtandaoni kuitafuta draiva yake, na hapo ndipo mtu humaliza bando akipakua mafurushi ya draiva kutoka tovuti zisizojulikana, baadhi yake zikiwa na virusi.

Linux, ambayo kiini chake (kernel), yaani sehemu ya msingi inayoviongoza vifaa, kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, imefuata njia nyingine. Draiva zake nyingi zimo ndani ya msimbo wa kiini chenyewe, ambao yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha, na utaratibu wa waandishi wake ni kwamba anayebadilisha sehemu ya ndani ya kiini sharti arekebishe pia draiva zote zinazoguswa na badiliko hilo. Kwa hiyo draiva ya kadi iliyotengenezwa mwaka 2008 inaweza kuendelea kutunzwa pamoja na mpya, hata kama kampuni iliyoiunda imekwisha kufunga milango.

Kiini hukijuaje kifaa? Kila kifaa kinachounganishwa kwa njia ya PCI, yaani njia ya kuunganishia kadi ndani ya kompyuta, au USB hubeba namba mbili, moja ya mtengenezaji na nyingine ya kifaa chenyewe. Intel, kwa mfano, hutambulika kwenye PCI kwa 8086. Mashine inapowashwa, Linux huzisoma namba hizo, huzilinganisha na orodha iliyomo katika kila draiva, kisha hupakia ile inayolingana tu. Maelfu mengine hubaki yamelala kwenye diski bila kula kumbukumbu. Ndiyo maana diski yenye Linux ikihamishwa kwenda kompyuta nyingine huwaka mara nyingi bila kusakinishwa upya.

Kwa maoni yangu, faida kubwa zaidi iko katika uchunguzi, hata kwa mtu asiyetaka kabisa kuiacha Windows. Flashi ya GB 8 inatosha kuiwasha Linux Mint bila kugusa chochote kilichomo kwenye diski. Sauti ikitoka humo, basi spika na kadi ya sauti ni nzima, na tatizo liko kwenye draiva au mipangilio ya Windows. Mteja aliyetoka Kasulu na mashine yake hana haja ya kuuziwa kadi mpya. Isipotoka, bado si ushahidi kamili kwamba kifaa kimekufa, ila shaka imeongezeka. Zaidi ya hayo, amri lspci -nnk, inayoandikwa kwenye dirisha la amri la Linux, huonyesha namba za kila kifaa cha PCI pamoja na draiva inayokiendesha, na kwa namba hizo fundi anaweza kutafuta draiva halisi ya Windows badala ya kubahatisha kwa jina lililobandikwa chini ya kompyuta.

Vizuizi vipo. Baadhi ya vifaa, hasa kadi za Wi-Fi, huhitaji pia programu ya ndani (firmware), inayofanya kazi ndani ya kifaa chenyewe, ambayo kampuni huitoa bila msimbo wake, na kwa miaka mingi Debian haikuiweka kwenye diski yake rasmi ya kusakinishia. Ilibadilisha msimamo huo kwa toleo la 12, lililotoka Juni 2023. Kadi za Wi-Fi za kampuni ya Broadcom ndizo zilizowatesa wengi. Ikitokea hivyo, unganisha simu ya Android kwa waya wa USB na uwashe ugavi wa intaneti kwa USB. Kwa kawaida Linux huiona simu hiyo kama kadi ya mtandao, na programu iliyokosekana itapakuliwa kupitia humo. Visoma alama za vidole ni shida zaidi, na baadhi havina draiva ya Linux kabisa. Kwa printa, mwenye steshenari afanye jaribio la kuchapa akiwa bado kwenye flashi, kabla ya kuruhusu diski yenye kazi za wateja wake ifutwe.