Kwa nini sheria moja ya kodi iliibana New Jersey na kuiacha Texas

Sheria ya kodi ya serikali ya shirikisho kwa kawaida haitaji jimbo lolote kwa jina. Lakini kila jimbo lina kodi zake, bei zake za nyumba na vipato vya watu wake, kwa hiyo maneno yale yale huwagusa watu kwa namna tofauti kutegemea wanakoishi.

Marekani imetoa mfano ulio wazi. Kwa miongo mingi, mlipakodi aliyeorodhesha makato yake kwenye ritani (fomu ya kodi ya kila mwaka) aliweza kuondoa kwenye mapato yake kodi alizokwisha kulipa kwa jimbo na kwa serikali ya mtaa, ndipo serikali kuu ikokotoe ya kwake. Sheria iliyotiwa saini Desemba 2017 ikaweka kikomo: kuanzia 2018, mwisho dola 10,000, awe mseja au wanandoa wanaojaza ritani moja.

Chukua wanandoa wa New Jersey (nimewabuni) wanaolipa dola 15,000 za kodi ya nyumba na 12,000 za kodi ya mapato ya jimbo. Jumla ni 27,000, na 17,000 kati ya hizo hazikatwi tena. Wakiwa kwenye kiwango cha asilimia 24, hiyo ni dola 4,080 za kodi ya ziada. Wenzao wa Texas au Florida hawana kodi ya mapato ya jimbo kabisa, hivyo wengi wao hawakufikia kikomo.

Wanasiasa walilijua hilo. Kati ya Warepublican 12 wa Baraza la Wawakilishi waliopinga muswada wa chama chao wenyewe, 11 walitoka New York, New Jersey na California. Mwaka 2018 New York, New Jersey, Connecticut na Maryland zilienda mahakamani, zikashindwa.

Hata hivyo, kusema "New York iliumia" ni kurahisisha mno. Sheria hiyo hiyo ilishusha viwango na kukaribia kuongeza maradufu punguzo la kawaida, lile ambalo mtu huchukua bila kuorodhesha chochote. Muuguzi aliyepanga chumba Bronx, jijini New York, kwa kawaida huchukua hilo, kwa hiyo kikomo hakimhusu. Na baadhi ya matajiri walikuwa tayari wanapoteza makato hayo kupitia kodi mbadala ya kima cha chini, hesabu ya pili ya kodi isiyoruhusu makato hayo, kwa hiyo hasara yao halisi ilikuwa ndogo kuliko kelele zao. Waliobanwa hasa ni wenye nyumba wa kipato cha juu katika vitongoji vya kodi kubwa. Takwimu za jimbo zima huwaficha ndani ya wastani.

Julai 2025 kikomo kilipandishwa hadi dola 40,000, ingawa kwa mwaka huo nafuu hiyo ilipungua kwa aliyepata zaidi ya 500,000. Mwaka 2030 kinarudi 10,000, isipokuwa Bunge libadilishe tena.