Je, wajua kwa nini gari lililonyanyuliwa springi bado hugonga difu?

Gari langu ni Suzuki Escudo ya zamani, ile yenye ekseli nzima nyuma, yaani bomba moja la chuma linalounganisha magurudumu mawili. Siku za kazi linakwenda Wete na kurudi Konde, huku Pemba, kwa lami. Mwisho wa wiki linaingia shamba, kwenye njia za udongo chini ya mikarafuu, na wakati wa masika njia hizo huchimbwa na malori mpaka zikabaki makorongo mawili ya magurudumu na mgongo wa udongo katikati. Difu yangu, lile tumbo la gia katikati ya ekseli, ilikuwa ikiukwaruza mgongo huo kila mara. Nikanunua springi ndefu, gari likapanda sentimita 5, nikaridhika. Wiki ya tatu difu ikakaa juu ya mgongo ule ule, pale pale, magurudumu ya nyuma yakizunguka bila kushika chochote.

Nililipeleka kwa fundi nikiwa na uhakika kwamba springi zimekufa. "Ami, hizi springi si nzima," nikamwambia, "gari nimelinyanyua inchi 2 nzima na bado linagonga." Akatandika gunia chini, akaniita nilale ubavuni mwake. Akapiga bodi kwa kiganja: "Hii umeinyanyua, mwanangu." Kisha akapiga difu: "Hii hukuigusa."

Alikuwa sahihi, na jambo lenyewe linawapita watu wengi kwa sababu za kueleweka. Kwanza ni lugha. Tunasema "kunyanyua gari", na mtu akisikia gari limenyanyuliwa huelewa kwamba limepanda lote, kama boti iliyopandishwa juu ya magogo. Pili ni macho. Ukishafunga springi ndefu, nafasi kati ya tairi na madigadi inafunguka waziwazi, mlango uko juu zaidi, na mama mzee akitaka kupanda unamtafutia kigoda. Kila kitu unachokiona ukiwa umesimama kimepanda. Kilichobaki palepale kipo gizani, chini, ambako hakuna anayetazama mpaka alale kwenye gunia. Tatu ni maelezo ya wauzaji: boksi linaandika inchi 2, nawe unazipeleka hizo inchi moja kwa moja kwenye jiwe lako linalokusumbua.

Mimi nilikwenda mbali zaidi. Nilipima kwa tepu kutoka ardhini hadi kwenye madigadi kabla na baada, nikapata sentimita 5 kamili, nikaandika kwenye karatasi. Kipimo kilikuwa cha kweli. Nilipima tu mahali ambapo hakuna jiwe lililowahi kunigonga.

Sasa tazama kitanda. Kuna matendegu, kuna fremu ya mbao, juu yake godoro, na juu ya godoro mtu amelala. Chini ya fremu kuna mvungu, unakoweka masanduku. Ukileta godoro la pili ukaliweka juu ya la kwanza, unalala juu zaidi. Unaweza hata kukaribia kugusa chandarua. Lakini sanduku lililokuwa haliingii mvunguni bado haliingii. Mvungu haujui habari za godoro. Ukitaka mvungu mkubwa, refusha matendegu.

Springi ni godoro. Zimekaa kati ya ekseli, iliyo chini, na chesesi, fremu ya chuma inayobeba bodi, iliyo juu. Ukizirefusha zinasukuma pande zote mbili, lakini ekseli haina pa kwenda: imefungwa kwenye magurudumu, na magurudumu yamekanyaga ardhi. Kwa hiyo kinachosogea ni cha juu peke yake, yaani chesesi, bodi, injini, tangi la mafuta na abiria. Ekseli nzima ni bomba moja la chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu, na difu ni tumbo la bomba hilo. Urefu wake kutoka ardhini unaamuliwa na kitu kimoja tu, nusu ya kimo cha tairi. Tairi ndiyo tendegu.

Hapo hesabu inakuwa nyepesi na, kwangu mimi, ya kupendeza. Soma ubavu wa tairi. 215/65R16 maana yake upana milimita 215, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 16. Asilimia 65 ya 215 ni kama milimita 140. Ukihamia 225/70R16, asilimia 70 ya 225 ni kama milimita 158. Rimu haijabadilika, kwa hiyo tofauti ya mbavu, milimita 18, ndiyo difu itakavyopanda. Siyo sentimita 5, ni chini ya 2, lakini ni za kweli na ziko mahali panapohitajika. Chini ya difu yangu palikuwa na sentimita 19. Sasa pako karibu na 21. Hesabu hii ina ukomo wake, kwani tairi hubonyea kwa uzito na kwa upepo mdogo, na kashata za tairi, yaani meno yake, zikiliwa milimita 5 difu nayo imeshuka milimita 5.

Basi springi ndefu hazina kazi? Zinayo, ila lazima ujue ni kwa kikwazo gani. Kuna mgongo unaokwenda pamoja nawe, ule wa katikati ya makorongo, na kuna tuta linalokukatiza njia. Mgongo wa kwanza unaupita ukiwa umeuweka kati ya magurudumu kwa urefu wote wa njia; kiungo cha kwanza kuugusa ni difu, na springi hazikusaidii. Tuta la kukatiza ni jambo jingine. Magurudumu ya mbele yameshavuka, ya nyuma hayajafika, na kilicho juu ya tuta ni tumbo la gari katikati, mbali na ekseli zote mbili. Hapo sentimita 5 za springi unazipata zote. Vivyo hivyo bampa la mbele unapoteremka kwenye mtaro, na bampa la nyuma unapotoka. Pemba, kwa vilima na mabonde yake, inayo matuta ya aina zote mbili, wakati mwingine katika shamba moja.

Kazi nyingine ya springi, na pengine kubwa kuliko zote, ni kutengeneza nafasi ya kuingiza tairi kubwa zaidi lisikwaruze madigadi ukikata kona. Kwa hiyo mpangilio ni wa kinyume na nilivyoufanya. Anza na kile kinachogonga, kisha chagua tairi, kisha nyanyua kiasi ambacho tairi hilo linahitaji na si zaidi.

Magari yenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea, yaani yasiyounganishwa na bomba moja, kama Escudo hii na Toyota Prado nyingi, yana sheria nyingine mbele. Huko difu imefungwa juu, pamoja na chesesi, kwa hiyo ukinyanyua inapanda kweli. Bei yake inalipwa na shafti mbili zinazotoka kwenye difu kwenda magurudumuni. Zilikuwa zimelala karibu sawa, sasa zinateremka kwa pembe, na jointi zake zinazunguka zikiwa zimepinda kutwa nzima. Jaribu kukuna nazi kwenye mbuzi huku kifundo cha mkono umekipinda: itakunika, lakini utajua baada ya nazi ya tatu. Raba za jointi hupasuka mapema, mchanga ukaingia, grisi ikatoka. Ndiyo maana kwa gari la kila siku mafundi wengi husimama kwenye inchi 2. Ukipita hapo unaanza kununua vipande vya kurekebisha ulichokiharibu.

Shokapu, zile silinda zinazozuia gari lisirukeruke, zinastahili muda zaidi, kwa kuwa ndipo watu hubana pesa. Njia ya bei nafuu ya kunyanyua ni spesa, kipande cha chuma au plastiki ngumu kinachowekwa juu ya springi ile ile. Wengi huamini spesa hufanya gari kuwa gumu. Kwenye springi ya koili iliyosimama kati ya ekseli na chesesi haifanyi hivyo, kwa sababu springi imebeba uzito ule ule na inabonyea vile vile. Ugumu unaousikia unatoka kwenye shokapu ya zamani iliyoachwa na urefu wake wa zamani.

Fikiria kisima chenye kapi na ndoo. Kamba ilikuwa inafika majini na kubaki kidogo. Sasa umelipandisha kapi nusu pima juu, kamba ni ile ile. Ndoo inaning'inia juu ya maji. Shokapu ndiyo kamba: juu imefungwa kwenye chesesi, chini kwenye ekseli. Ukinyanyua chesesi bila shokapu ndefu, umeshatumia sehemu ya kamba hata kabla gari halijatembea. Gurudumu likikuta shimo linataka kushuka lifuate ardhi, shokapu inafika mwisho, unasikia "ko!" na gurudumu linabaki hewani. Gari limekuwa refu na limepungukiwa na uwezo wa kukanyaga. Kwenye korongo la masika ningechagua shokapu za urefu sahihi na springi za sentimita 3 kuliko spesa za 5 na shokapu za zamani. Angalia na mipira ya breki ya nyuma hapo hapo, maana nayo ni kamba: jeki chesesi mpaka magurudumu yaning'inie, uone kama mpira umevutika.

Kuhusu springi zenyewe, uliza zimetengenezwa kwa mzigo gani. Springi ya kubeba mzigo wa kudumu, ikifungwa kwenye gari linalobeba mtu mmoja na begi, haibonyei inavyotakiwa. Gari linasimama juu kuliko ilivyoandikwa na linarukaruka kwenye kila kokoto. Pima maisha yako ya Jumatatu, usipime siku moja uliyobeba magunia.

Kuna kipande kimoja ambacho karibu hakuna anayekitaja, nami nakiona cha ajabu kuliko vyote. Baadhi ya magari, Toyota Hilux nyingi za zamani mojawapo, yana vali ya breki nyuma inayokisia mzigo. Kijiti chembamba kinaunganisha ekseli na vali iliyo kwenye chesesi. Ukipakia, chesesi inashuka kuikaribia ekseli, kijiti kinasogea, vali inaelewa kwamba nyuma pamekuwa pazito na inaruhusu breki za nyuma zishike zaidi. Gari tupu, chesesi iko juu, breki za nyuma zinapunguzwa ili magurudumu yasifunge na kuteleza. Vali haina mizani. Inachokijua ni umbali tu. Sasa umenyanyua chesesi sentimita 5. Kwa vali, gari lako daima ni jepesi kuliko lilivyo, hata ukiwa na magunia ya mihogo mpaka dirishani. Unateremka kilima ukiwa mzito na breki za nyuma zinafanya kazi ya gari jepesi. Dawa ni kurekebisha kijiti au mahali kilipofungwa, kazi ndogo kwa fundi anayejua kwamba kipo. Mwulize kabla hajaanza kufungua nati.

Taa nazo hupanda na bodi. Zishushe siku hiyo hiyo, kwani dereva anayekuja mbele yako usiku kwenye kona za barabara ya zamani ya Chake hadi Wete hatakuwa na pa kukimbilia macho. Fanya alaimenti ya magurudumu ya mbele, yaani yanyooshwe yaelekee sawa. Na kona hizo hizo zichukue taratibu kuliko ulivyozoea: dau lililopakiwa juu ya sitaha huinama mapema kuliko lililopakiwa ndani, na gari halina tofauti. Tairi likikua, spidi mita nayo hudanganya. Kwa mabadiliko yangu ni kama asilimia 5, ikisoma 80 niko 84, na injini inaona vilima vimekuwa vizito kidogo.

Kwa wenzetu wa Unguja wanaokwenda pande za Makunduchi na Kizimkazi, kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, kipaumbele kinahama tena. Jiwe lile ni kali, na huuma ubavu wa tairi kabla halijafika kwenye difu. Huko ningeweka pesa kwanza kwenye tairi lenye mbavu nene, springi zingesubiri.

Zile springi za sentimita 5 nilizitoa, nikafunga za 3 na shokapu zake na tairi za 225/70. Chini ya kiti nina kijiti cha mkarafuu nilichokikata urefu wa difu, sentimita 21 kasoro. Nikifika penye mgongo nateremka, nakisimamisha ndani ya korongo la gurudumu na kutazama. Udongo wa katikati ukiwa chini ya kichwa cha kijiti, napita. Ukikipita, napandisha gurudumu la kulia juu ya mgongo wenyewe, la kushoto nje ya korongo kwenye nyasi, na kwenda mdogo mdogo.